Mgongo Wangu na Mikono ya Mama Mkwe

Naitwa Isaka, na kama kuna jambo unataka kulijua kuhusu tiba mbadala, njoo kwangu Tunduma, mtaa ulio nyuma ya maegesho ya malori. Sijasomea. Elimu yangu yote nimeipata nikiwa nimelala kifudifudi. Nimeumikwa, nimefukizwa, nimekandwa, nimepimwa na mashine inayosema Kichina, nimebonyezwa nyayo, nimechemshwa kama kiazi. Wenzangu hupata vyeti kwa kukaa darasani. Mimi nilikuwa siwezi hata kukaa.

Kazi yangu ilikuwa kufunga maturubai. Anayeijua Tunduma anaijua foleni yetu: malori yamepangana yanangoja kuvuka kwenda Zambia na Kongo, kila lori lina turubai, kila turubai lina kamba, na kamba zimelegea njiani tangu Makambako. Hapo ndipo nilipokuwa naingia mimi. Napanda juu ya mzigo, navuta, nafunga, naruka chini. Hiyo ya kuruka haikuwa ya lazima, maana ngazi ilikuwepo. Lakini mwanamume aliyezoea kutazamwa na akina mama wauza chai hashuki kwa ngazi. Nilikuwa nimeshapita hamsini na bado naruka, na nikitua nasema "hop" kidogo, ili ambaye hakuona basi asikie.

Siku yenyewe nilitua, nikasema hop, nikabaki hapohapo nimeinama natazama viatu vyangu. Yonasi, mwenzangu wa kazi, alidhani nimeangusha kitu. Akainama na yeye akanisaidia kutafuta. Tulitafuta kwa muda, kwa sababu sikuwa na pumzi ya kumwambia kwamba kilichoanguka ni mimi.

Maumivu yalianzia kiunoni, yakashuka kwenye paja la kushoto hadi chini ya goti, mithili ya mtu anayevuta waya ndani ya nyama. Mke wangu, Tumpale, alisema twende hospitali nikapigwe picha. Nikamjibu kwamba hospitali ni ya wagonjwa, mimi nimeteguka tu. Ukweli ambao sikumwambia ni kwamba niliogopa. Nilijua daktari atasema nisipande tena malori, na mimi nikishushwa kwenye lori sijui nabaki kuwa nani. Kwa hiyo nikaazimia kumtafuta mtu wa kunirudisha juu bila kuniuliza maswali.

Sasa nikueleze jambo ambalo majirani zangu mpaka leo hulisimulia wakiwa wameshika mbavu. Mtu niliyekuwa namtafuta alikuwa anaishi uani kwangu.

Mama mkwe wangu ni mtu wa milima ya Ileje, huko Isongole karibu na mpaka wa Malawi. Baba mkwe alipofariki, Tumpale alimleta mama yake kwetu, akakaa chumba cha uani. Jina lake silitaji, hata hapa kwenye karatasi. Watu wanamwita Mama Anyosisye, na hata hilo nimeliandika huku nimetazama pembeni. Huyu mama ni mchuaji. Mkono uliotenguka anaurudisha, shingo iliyokaza anailegeza, mgongo wa mama aliyetoka kujifungua anaukanda mpaka mwenye mgongo anasinzia. Watu wanamfuata kutoka Ruanda, ile ya huku kwetu wala si nchi, na parachichi zao begani, wanamfuata kutoka Nakonde ng'ambo ya mpaka, na nimeona kwa macho yangu dereva wa Kikongo akiingia pale uani amepinda kama ndoano ya kuvulia na kutoka amenyooka, anaimba.

Na mimi hakuruhusiwa kunigusa. Sijui koo nyingine zinafanyaje, ila kwa ukoo wa mke wangu mkwe na mama mkwe hawatazamani. Hawashikani mikono, hawatajani majina, hawali chungu kimoja. Nikitaka kwenda chooni asubuhi nilikuwa nakohoa kwanza ili yeye ageukie ukuta. Yeye akitaka kuchota maji anagonga ndoo ili mimi niingie ndani. Tuliishi hivyo kama askari wa zamu mbili. Mchungaji aliwahi kumwambia kwamba mambo hayo hayamo kwenye Biblia. Mama mkwe akamjibu kwamba hata mabati hayamo, na kanisa limeezekwa.

Basi nilikuwa nalala kwenye mkeka barazani, naugulia, huku wagonjwa wa mama mkwe wananipita kwenda kuponywa. Wengine walinionea huruma. Mama mmoja kutoka Mbozi aliniuliza kama na mimi niko kwenye foleni, maana asingependa kunipita. Nikamwambia hapana, mimi ni mkwe. Akasema pole, na alisema kwa uchungu kuliko wote walionipa pole ya mgongo.

Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi. Nikaenda kutafuta wajenzi kwingine.

Wa kwanza alikuwa Gasper, kijana mwenye kibanda chenye pazia la kijani karibu na soko. Gasper anaumika. Zamani kazi hiyo ilifanywa kwa pembe ya ng'ombe iliyoitwa chuku, ndiyo maana mtu anayetia chumvi kwenye maneno tunasema anapiga chuku. Gasper alipiga zote mbili, ya mgongoni na ya mdomoni. Alinipanga vikombe vya plastiki kutoka shingoni hadi kiunoni, akavinyonya hewa kwa kipampu, akachanja kidogo kwa wembe mpya alioufungua mbele yangu. Alinieleza kwamba damu iliyochoka hutoka na mpya ikapata nafasi. Nilipata nafuu, sitaki kusema uongo. Nafuu ilidumu mpaka niliposimama. Nyumbani nilipovua shati, Tumpale alinitazama mgongo wenye madoa ya duara, akasema ameolewa na kanga.

Wa pili alikuwa dada mmoja, Brenda, aliyevaa koti jeupe na viatu virefu. Yeye alikuwa na mashine. Unashika chuma kwa kiganja, kompyuta inalia kidogo, halafu inatoa siri zako zote. Mashine ilisema ini langu limechoka, figo zimechoka, na kizazi kina uvimbe. Nikauliza kizazi cha nani. Brenda akatazama, kumbe mteja aliyenitangulia alikuwa mwanamke, na yeye Brenda hakukumbuka kubadilisha. Akabonyeza, akanirudisha upande wa wanaume, na figo zikapona papo hapo.

Usidhani nilicheka na kuondoka. Nilinunua unga wa majani aliokuwa anauuza, kwa sababu alisema neno moja lililoniingia. Alisema mwili ni kitu kimoja, huwezi kutibu mgongo ukaliacha tumbo, usingizi na mawazo. Neno hilo nililipenda na mpaka leo nalipenda, maana ni kweli. Kosa lilikuwa langu: mimi nililichukua nikatibu tumbo, usingizi na mawazo, nikauacha mguu.

Kwa maana mguu ulikuwa umeanza kutulia. Ule waya uliokuwa unavutwa ukalegea, na badala ya maumivu kukawa na ukimya fulani kutoka goti kwenda chini. Nikasherehekea. Nilimtangazia Yonasi kwamba unga unafanya kazi. Ndala ya kushoto ilianza kunichomoka njiani bila mimi kujua, nasikia tu mtu ananiita, "Mzee, umeacha ndala." Nikaona dawa yake ni rahisi: nikaanza kuvaa viatu vya kufunga kamba. Kufunga kamba ndiyo kazi ninayoijua.

Wa tatu nilimfuata Nakonde. Sisi watu wa mpakani tuna ugonjwa wetu ambao hakuna aliyeutibu bado: dawa haiwezi kuwa kali kama haijavuka mpaka. Wazambia wanakuja kwetu, sisi tunakwenda kwao, ndugu wa mke wangu wanakwenda Malawi, na Wamalawi sijui wanakwenda wapi. Siku ile natoka kwenda Nakonde nilipishana getini kwangu na Wazambia wawili wanaokuja kwa mama mkwe. Tulisalimiana vizuri.

Bwana wa Nakonde aliitwa Ba Simukonda. Alinipokea kwa Kibemba, "Mulishani," na mimi nikajibu kwa fahari yote ya mtu aliye nje ya nchi. Tulipotajiana ukoo akahamia Kinamwanga, ikawa kumbe bibi zetu wametoka kijiji kimoja. Nilikuwa nimevuka mpaka wa nchi ili nikatibiwe kwa lugha ya mama yangu. Tiba yake ilikuwa ya nyayo. Alinionyesha mchoro ukutani: kila kiungo kina mahali pake chini ya mguu, moyo hapa, ini hapa, uti wa mgongo kwenye ukingo wa ndani. Ukipabonyeza ukaumia, kiungo hicho kina shida. Alianza na mguu wa kulia. Alipobonyeza mahali pa tumbo niliruka nikakaa. Akahamia wa kushoto, akabonyeza kwa kidole, akabonyeza kwa kijiti, akabonyeza kwa nguvu zake zote, na mimi nimelala nimetulia natazama dari.

"Huu mguu hauna shida yoyote," alisema Ba Simukonda, naye jasho linamtoka. "Wa kulia ndio mgonjwa."

Nikamshukuru kwa Kibemba, natotela sana, nikarudi Tunduma nikichechemea upande wa mguu mzima.

Wa nne hakuwa mtu, yalikuwa maji. Kule bonde la mto Songwe kuna mahali maji yanatoka ardhini yakichemka, na Yonasi alinihakikishia kwamba shemeji yake wa Galula alikwenda pale amebebwa akarudi anatembea. Nilikodi pikipiki. Barabara ilikuwa na mashimo kiasi kwamba mgongo wangu ulikwenda ukihesabu mawe yote ya mkoa, na kila kitu ambacho maji yangefaulu kukilegeza kulikuwa na pikipiki ya kukikaza wakati wa kurudi. Pale kwenye maji tulikaa wengi, tumetumbukiza miguu pembeni ambapo hayachomi sana. Nilitumbukiza yote miwili. Wa kulia niliutoa haraka, moto haushikiki. Wa kushoto nikauacha. Watu wakanitazama. Mzee mmoja akasema huyu bwana ni jasiri, na mimi, kwa kuwa sijawahi kukataa sifa, nikauacha zaidi.

Nyumbani nilipovua kiatu nilikuta ngozi ya unyayo imevimba lengelenge kubwa kama andazi. Nilikaa kitandani nikalitazama. Halikuwa linauma. Hapo ndipo kwa mara ya kwanza niliogopa sawasawa. Mtu mwenye akili angemwita mkewe. Mimi nilivaa soksi.

Tumpale hakuhitaji nivue soksi. Jumapili iliyofuata, tukitoka kwenda kanisani, kizingiti cha mlango wangu mwenyewe kiliniangusha. Sikujikwaa, mguu tu haukunyanyuka. Nilianguka uani, mbele ya wagonjwa wawili wa mama mkwe waliokuwa wameshafika, na Biblia ikaanguka juu yangu. Tumpale aliniinua, akanipangusa vumbi, tukaenda kanisani. Mchana alikwenda chumba cha uani akakaa kule na mama yake kwa muda mrefu. Walikuwa wanaongea Kindali, lugha ambayo mimi naelewa pale tu inaponisema.

Alirudi na uamuzi. Mama yake hawezi kunigusa wala kunitazama. Lakini hakuna kinachokataza yeye kukaa upande mmoja wa kitenge na mimi upande mwingine, amwelekeze Tumpale, na mikono iwe ya Tumpale. Maneno atamwambia binti yake. Nikiyasikia, basi ni masikio yangu yenye tabia mbaya. Nilikubali haraka. Mgonjwa haulizwi uji, na mimi nilikuwa nimeshakunywa uji wa nchi mbili.

Kitenge kilitundikwa kwenye mlango kati ya sebule na chumba. Mama mkwe aliingia kwanza kupitia mlango wa nyuma, akakaa kwenye kigoda chake upande wa pili. Tumpale akaita. Nikaingia kutoka barazani, nikatembea kwenye sakafu ya saruji hadi kwenye mkeka.

Nyuma ya kitenge kikasikika Kindali kifupi.

"Mama anasema usilale bado," alisema Tumpale. "Anasema rudi mlangoni utembee tena."

Nikarudi, nikatembea tena, nikijitahidi kukanyaga kiume. Akaniomba tena. Safari ya tatu nikamwuliza Tumpale kama mama anataka kunichua au kunipeleka gwaride. Tumpale hakucheka. Kutoka upande wa pili kikaja Kindali kirefu, na nikaona sura ya mke wangu inabadilika. Alinivua kiatu. Akanivua soksi. Alipoliona lengelenge, lililokwisha kupasuka, alifunga macho kidogo akayafungua. Akachomoa kijiti kwenye ufagio akaniambia nitazame ukuta, niseme ni kidole gani anakigusa.

Nilitazama ukuta. Nilingoja. Nikaona kimya kimezidi, na mtu akiulizwa ni vizuri ajibu.

"Gumba," nikasema.

"Bado sijagusa," alisema Tumpale.

Akagusa, nadhani. Nikasema kidole kidogo. Hakusema kama nimepata au nimekosa, ila nilisikia anashusha pumzi kupitia puani jinsi anavyofanya akiwa anazuia kulia. Akakiweka kijiti chini.

"Isaka."

Sauti ilitoka nyuma ya kitenge, na ilikuwa Kiswahili. Tumpale alishika mdomo. Mimi nilidhani nimesikia vibaya, kwa sababu tangu nimuoe binti yake, jina langu lilikuwa halijapita kwenye kinywa cha yule mama.

"Isaka, mimi sikuchui," alisema mama mkwe. "Huo mguu hautaki mikono yangu. Unataka daktari, na unamtaka leo."

Sikujua kama naruhusiwa kujibu. Nilitazama kitenge, kilikuwa na picha za ndege.

"Miaka yote hii sijakutazama," aliendelea, taratibu, kama mtu anayepanda mlima. "Kukusikia hakuna aliyenikataza. Asubuhi unakohoa, nageuka, nasikia unapita. Hatua zako nazijua kuliko za wanangu. Huo wa kushoto ulikuwa unakanyaga, sasa unaburuzwa. Nilisubiri uje useme kwa mke wako, aniambie. Wewe umekwenda kusema Zambia."

Nilijibu, "Ndiyo, mama." Na hapo nikalia. Sikulia kwa sababu ya mguu. Nililia kwa sababu nilikuwa nimezunguka kwa Gasper, kwa mashine, kwa Ba Simukonda na kwenye maji, kote nikitafuta mtu wa kuusikiliza mwili wangu, kumbe alikuwepo mmoja aliyekuwa anausikiliza kila asubuhi akiwa amegeukia ukuta. Nilimwonea haya yeye kuliko nilivyowahi kumwonea haya kwa mila.

Jioni ileile tulikodi gari kwenda Mbeya, mimi nimelazwa kiti cha nyuma. Daktari alinipiga picha, akanionyesha: kile kimto kilicho kati ya mifupa ya uti wa mgongo kimechomoka na kukalia mshipa wa fahamu uendao mguuni. Aliniuliza nimetumia tiba gani. Nikaanza kumweleza, na nilipofika kwenye kizazi changu aliweka kalamu mezani akaomba radhi, akatoka nje kidogo. Aliporudi macho yalikuwa na machozi ila sauti ilikuwa ya kazi. Alisema wote hao hawakuniumiza mgongo. Kuchuliwa kunalegeza nyama, kupumzika kunasaidia, hata kubonyezwa nyayo mtu anastarehe. Ila mguu ukianza kufa ganzi, hapo si pa starehe tena, na kila siku niliyoipoteza ni mguu nilioupoteza. Alinipasua. Alisema mguu utarudi, kiasi gani hajui, na alisema lile nililokuwa nalikimbia tangu mwanzo: malori basi.

Nililipokea kwa utulivu, yaani niligeukia ukuta nikakataa kula. Leo nasimama chini na fimbo yangu, namwelekeza Yonasi aliye juu avute wapi, na Yonasi anashuka kwa ngazi. Akina mama wauza chai wananitazama bado. Wananiletea kiti.

Lakini mambo ya ukwe hayakuishia kwenye kitenge. Siku niliporudi nyumbani kutoka Mbeya, nilimkuta uani baba mdogo wa Tumpale, mzee Amoni, aliyetoka Isongole kwa ajili hiyo tu. Kwa ukoo wao, anayevunja ukimya kati ya mkwe na mama mkwe hutoa kuku, aliwe na wote, na jambo lisafishwe. Nikasema kuku nitanunua mimi, tena wawili, nani asiyejua kwamba sababu ni mimi. Mzee Amoni akakataa. Swali halikuwa nani sababu. Swali lilikuwa nani alifungua mdomo, na aliyefungua mdomo hakuwa mimi.

Mama mkwe alikuwa na kuku watatu, na mmoja tu ndiye aliyekuwa anataga. Ndiye aliyemkamata. Nilimwona kwa kona ya jicho akimshika chini ya mbawa, anampapasa kichwa, anamkabidhi mzee Amoni. Tulikula wote, majirani pia. Yeye hakula, alisema hapendi kuku, na hakuna mtu pale uani aliyeamini.

Kesho yake alasiri nilikuwa barazani nafanya mazoezi niliyopewa, ya kukunja kitambaa kwa vidole vya mguu. Ni kazi ya mtoto wa miezi minane na mimi nilikuwa naishindwa. Nikasikia kigoda kinawekwa sakafuni. Nilikohoa kwa mazoea, nikageuza uso. Hakuondoka. Nilipotazama, mama mkwe alikuwa amekaa mbele yangu, na chupa ya mafuta ya parachichi mapajani, ananitazama usoni.

Alinitazama kwa muda mrefu, kutoka kipaji cha uso mpaka kidevu.

"Kumbe umezeeka," alisema. "Mimi nilimpa Tumpale kijana."

Nilicheka mpaka mshono ukanikumbusha nikae vizuri. Nikamwambia anisamehe kwa yule kuku. Akasema kuku mzima kwa kutaja jina moja ni hasara, na yeye hajazoea hasara, basi kuku huyo atalipia na macho na mikono. Akauliza kama daktari ameruhusu mguu ukandwe.

"Ameruhusu, mama."

"Basi lete."

Akaupakata mguu wangu mapajani, akamimina mafuta, akaanza juu kwenye goti. Mikono yake ni midogo na migumu, na ilikuwa na joto, hilo nililisikia. Alishuka taratibu kwenye muundi, kwenye kifundo, na kila alipofika aliniuliza, na mimi nikasema hapo nasikia, hapo nasikia kidogo. Akafika kwenye vidole. Akabonyeza kile kidogo cha mwisho, akaninyanyulia macho.

"Hapa?"

Nilitamani sana kumwambia ndiyo. Ulimi ulikuwa umeshajipanga.

"Hapana, mama. Hapo sisikii."

"Haya," alisema, akaongeza mafuta kiganjani. "Basi tutakaa hapo."